Matembezi ya mapukutiko kando ya mto wa mashua: anza na upepo

Watu wengi hupanga matembezi ya mtoni kwa kufungua ramani. Tuanzie wapi, tuishie wapi, kilomita ngapi. Mimi, mto ukiwa na mashua za matanga na miti ikiwa imeshaanza kugeuka rangi, naanza na upepo. Upepo ndio utakaoamua kama matanga yatatwekwa au yatabaki yamekunjwa, kama majani ya dhahabu yatakuwa bado mtini au yamelala matopeni, kama maji yatakuwa kioo au yatakuwa na viwimbi, na kama utarudi ukisukumwa mgongoni au ukipigwa usoni. Kilomita zitajipanga zenyewe baadaye.

Nasema mapukutiko nikimaanisha majira ambayo miti ya nchi za baridi huacha majani yake kabla ya kipupwe. Wako wanaoyaita vuli, lakini mkulima akisikia vuli anawaza mvua na jembe, kwa hiyo nitashika neno hili lisilo na utata.

Hatua ya kwanza: pata wiki yenyewe

Katika nusu ya kaskazini ya dunia mapukutiko huanza pale usiku na mchana vinapolingana, tarehe 22 au 23 Septemba. Katika nusu ya kusini mambo ni kinyume, huanza tarehe 20 au 21 Machi. Tarehe hizo ni mlango tu. Unachotafuta ni wiki chache ambazo mambo mawili yanakutana: majani yameshageuka rangi, na mashua bado ziko majini.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasubiri hadi miti ifike kilele cha wekundu, kisha wanafika mtoni na kukuta gati tupu na mashua zimepangwa nchi kavu, milingoti imeng'olewa, turubai limefungwa juu. Penye barafu wakati wa kipupwe, wenye mashua huzitoa majini mapema, na hawamsubiri mtembeaji. Kwa sehemu nyingi za kaskazini, nusu ya kwanza ya Oktoba ni salama kuliko mwisho wake. Ukilazimika kuchagua kati ya majani yaliyokolea na mto wenye matanga, chagua matanga. Rangi nusu inapendeza sana ikiwa kuna tanga jeupe linalopita mbele yake.

Inafaa pia kujua rangi hizo zinatoka wapi, maana ukizijua utaweza kubashiri. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayokamata mwanga wa jua. Klorofili ikisambaratika, manjano na rangi ya chungwa zilizokuwa zimejificha chini yake tangu mwanzo zinajitokeza. Wekundu una hadithi nyingine: miti mingi huutengeneza wakati huohuo wa mapukutiko, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Ndiyo maana mfululizo wa mchana wenye jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta wekundu mkali. Ukiona hali ya hewa ya namna hiyo imeshika siku nne au tano, ondoa shughuli nyingine kwenye ratiba.

Kando ya mto, hata hivyo, usitegemee wekundu mwingi. Mierebi, ambayo ndiyo miti ya maji hasa, hugeuka manjano hafifu, na majani yake membamba yakianguka huelea kama samaki wadogo. Kuna mti mwingine upendao kingo, alda, ambao huangusha majani yakiwa bado ya kijani. Mizizi yake inaishi pamoja na bakteria wanaoupatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauna haja kubwa ya kuokoa kilichomo kwenye majani kabla ya kuyaacha. Ukiona majani mabichi yakielea mtoni Oktoba, tafuta alda mahali fulani juu ya mkondo.

Hatua ya pili: chagua kipande cha mto

Mashua ya tanga ina mlingoti, na mlingoti hauinami. Sentensi hiyo itakuokolea safari nyingi za bure. Daraja la chini lisilofunguka ni ukuta kwa mashua nyingi za matanga, kwa hiyo fungua ramani, anzia mdomoni mwa mto, panda juu kwa kidole hadi daraja la kwanza la chini. Chini ya hapo ndipo matanga yalipo. Juu ya hapo utaona zaidi mitumbwi, mashua za makasia na za injini, isipokuwa kama kuna ziwa au upana mkubwa ambako watu wameanzisha shughuli zao za tanga wenyewe kwa wenyewe.

Kuna mahali mabaharia walilitatua tatizo hili kwa akili nzuri. Kwenye mito ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mashua za mizigo ziitwazo wherry zilikuwa na tanga moja kubwa jeusi na mlingoti uliofungwa bawaba, wenye uzito mkubwa kwenye kitako chake. Nahodha alikuwa akilaza mlingoti akikaribia daraja, anapita, kisha anausimamisha tena. Moja ya mashua hizo, Albion, ilijengwa mwaka 1898 na imehifadhiwa.

Ukishapata kipande kisicho na daraja, angalia mambo matatu.

Upana. Mto mwembamba huzilazimisha mashua zigeuke kila baada ya dakika chache. Utaziona kwa karibu, lakini ni chache zitakazothubutu. Mto mpana una mashua nyingi zilizo mbali. Napenda sehemu ambayo mtu wa ng'ambo unamwona ila humtambui sura.

Miti. Msitu mrefu uliosimama upande upepo unakotoka huuzima upepo juu ya maji kwa umbali wa mara kadhaa ya urefu wa miti yenyewe. Mashua ikiingia hapo tanga hulegea kama shuka kwenye kamba. Tafuta kingo zenye nyasi na mwerebi mmojammoja, au sehemu iliyo wazi upande wa upepo na yenye miti upande wa pili. Hapo unapata mambo yote mawili: matanga yamejaa, na nyuma yake kuna ukuta wa manjano.

Njia. Mito mingi ya zamani ya uchukuzi ina njia tambarare pembeni, iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi na watu waliovuta mashua kwa kamba upepo ulipokosekana. Njia hizo ni zawadi kwa mtembeaji: hazipandi, hazishuki, na hazijitengi na maji. Tatizo lake ni moja, ziko chini. Mvua ikinyesha sana juu ya mto, hufunikwa.

Swali la mwisho ni kama mto wako unajaa na kupwa. Mawimbi ya bahari hayafiki mbali, lakini kujaa na kupwa kunafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Katika mto Thames kunafika hadi Teddington, kusini-magharibi mwa London. Katika Hudson, Marekani, kunafika hadi Troy, zaidi ya kilomita 240 kutoka mdomoni. Kama mto wako ni wa namna hiyo, tafuta jedwali la maji. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kadhaa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakiwa yamepwa kabisa, mto mzuri huweza kugeuka tope lenye mashua zilizolala ubavu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya kujaa huweza kupanda hadi njiani. Mimi huenda saa mbili kabla ya maji kujaa: mto umenenepa, mashua zinatoka, na bado kuna muda wa kutosha.

Hatua ya tatu: chagua siku na saa kwa upepo

Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga ngazi za upepo ambazo hadi leo zinatumika. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kifaa chochote. Jani la mti linatosha.

Ngazi ya 2, kilomita 6 hadi 11 kwa saa: unausikia upepo usoni na majani yananong'ona. Mashua nyepesi zinatembea taratibu, karibu bila sauti. Ni siku ya amani kuliko zote.

Ngazi ya 3, kilomita 12 hadi 19: majani na vijiti vidogo havitulii, bendera ndogo imenyooka. Hii ndiyo siku bora. Matanga yamejaa, mashua zinainama kidogo, na majani mengi bado yanang'ang'ania mtini.

Ngazi ya 4, kilomita 20 hadi 28: vumbi na majani makavu yanainuka ardhini. Mabaharia wanafurahi, wewe utafurahi ukiwa na kofia inayobana.

Ngazi ya 5, kilomita 29 hadi 38: miti midogo inayumba. Kwa macho ni tamasha, lakini utulivu umeshaondoka, na kesho yake miti itakuwa uchi. Kutoka ngazi ya 6, ambapo matawi makubwa yanatikisika, usitembee chini ya miti ya ukingoni. Mierebi na popla hudondosha matawi bila taarifa.

Kuhusu saa, siku yenye anga safi na isiyo na tufani ina mtindo wake. Alfajiri upepo hulala. Jua likipasha ardhi, upepo huamka polepole, hupata nguvu kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, na huanza kuchoka jua linapoelekea kuzama. Kwa hiyo chagua unachokitaka.

Ukitaka ukungu na maji ya kioo, uwe ukingoni kabla jua halijachomoza. Ukungu wa mtoni wa mapukutiko ni tofauti na wa mlimani. Maji bado yameshika joto la kiangazi wakati hewa ya usiku imeshapoa. Mvuke unaopanda kutoka majini unakutana na baridi na kugeuka matone. Utauona umelala juu ya mto peke yake, umefuata kona zake zote, huku shamba la pembeni likiwa wazi. Milingoti ya mashua zilizofungwa hutokeza juu yake kama mianzi. Unahitaji usiku usio na mawingu wala upepo, na unahitaji kuwahi, maana jua likishapanda kidogo hakuna kilichobaki.

Ukitaka matanga, anza saa nne asubuhi na umalize saa tisa alasiri. Ukitaka vyote viwili, nenda alfajiri, kaa mahali pakavu upate kinywaji cha moto kutoka kwenye chupa yako, subiri upepo uamke. Nimefanya hivyo mara nyingi, na ile saa ya kusubiri imekuwa tamu kuliko matembezi yenyewe. Mabaharia wanafika mmojammoja, wanatazama juu ya mlingoti, wanatazama maji, wanangoja kama wewe.

Sasa upande wa kuanzia. Anza kwa kutembea ukiuelekea upepo. Utakuwa na nguvu, mwili utapata joto, na wakati wa kurudi, ukiwa umechoka na jasho linaanza kupoa, upepo utakuwa mgongoni. Ukifanya kinyume utatembea mbali bila kujua, kisha utaulipia kila hatua.

Mavazi na mzigo

Hapa sina mengi. Vaa nguo kadhaa nyepesi unazoweza kuvua na kuvaa badala ya koti moja zito. Acha pamba karibu na ngozi, maana ikilowa haikauki. Sufu au kitambaa cha michezo ni bora. Juu kabisa, kitu kinachozuia upepo. Viatu vyenye nyayo za meno, visivyopitisha maji. Soksi za akiba. Tochi, hata kama una hakika utarudi mchana. Simu yenye chaji. Darubini ndogo ukiwa nayo, kwa ajili ya kusoma namba kwenye matanga na kutazama ndege.

Miguu njiani

Majani yaliyolowa huteleza kama ganda la ndizi, hasa kwenye mbao za madaraja madogo na mawe ya gati. Hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni kwamba majani makavu ni hatari zaidi, kwa sababu yanaficha. Chini ya zulia zuri la manjano kunaweza kuwa na mzizi, shimo la mnyama, kamba ya kufungia mashua, au ukingo wenyewe uliokwisha. Usikanyage majani ambayo huoni mwisho wake.

Jifunze kona za mto. Kwenye kona, maji hupita kwa kasi upande wa nje na polepole upande wa ndani. Upande wa nje mto unakula ardhi, kwa hiyo maji ni ya kina na ukingo mara nyingi umechimbwa kwa chini. Juu unaona nyasi, chini hakuna kitu. Simama mita mbili au tatu nyuma. Upande wa ndani mto unaweka mchanga na tope, maji ni machache, ukingo unashuka taratibu. Ukitaka kukaa, kaa ndani ya kona. Ukitaka kuona mashua kwa karibu, utaziona zaidi upande wa nje, kwenye kina, lakini ziangalie ukiwa nyuma.

Mto ukiwa umejaa na umegeuka rangi ya udongo, badilisha mpango. Mvua iliyonyesha mbali juu huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku, kukufikia, kwa hiyo anga la buluu juu ya kichwa chako si ushahidi wa usalama. Njia ikiwa chini ya maji, geuka. Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Mwendo usizidi kilomita tatu kwa saa, pamoja na kusimama. Saa tatu zinatosha kilomita nane au tisa, kwenda na kurudi. Mvuvi wa ndoano akiwa amekaa njiani, pita nyuma yake kwa sauti ya kusikika, usimkanyagie fimbo wala kumtisha samaki. Kamba za mashua zilizofungwa ukingoni usiziguse, hata ukiona imelegea. Mwenyewe ameiacha hivyo ili mashua ipande na kushuka na maji.

Simama uzisome mashua

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda. Mtu asiyejua anachokitazama huchoka baada ya mashua ya tatu. Anayejua anaweza kukaa saa nzima.

Anza na mashua zilizotulia. Mashua iliyofungwa kwenye boya moja, kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, hujigeuza yenyewe. Mkondo ukiwa na nguvu, zote zitaelekeza omo kule mkondo unakotoka, kama kundi la ng'ombe wanaokula uso upande mmoja. Upepo ukiushinda mkondo, zitaufuata upepo. Kwenye mto wa kujaa na kupwa, ukikaa kwa subira utaona maji yanaposimama kabisa, mashua zinapotangatanga hazijui pa kuelekea, kisha moja inaanza kugeuka, ya pili, na baada ya robo saa zote zimeangalia upande mwingine. Hakuna aliyezigusa.

Kisha tazama uso wa maji. Utaona madoa meusi yakikimbia juu ya mto. Ni pumzi za upepo zinazokwaruza maji. Tazama doa moja linavyoikaribia mashua: kabla halijafika, nahodha mzoefu ameshalegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, au ameshaegemeza mwili upande wa pili, na mashua inainama, inapata mwendo, inainuka tena. Baada ya kuyatazama machache utaanza kujua mashua itakachofanya kabla haijafanya, na hiyo ni furaha isiyo na mfano.

Mashua inayokwenda na upepo huifahamu haraka: tanga limefunguka kabisa upande mmoja, inateleza kimya. Ile inayokwenda upepo ukiipiga ubavuni ndiyo yenye mwendo mzuri. Inayokwenda joshi, kuukaribia upepo, ina kazi. Hakuna tanga linaloweza kuipeleka mashua moja kwa moja kule upepo unakotoka. Mashua nyingi haziwezi kuukaribia zaidi ya nyuzi kama 45. Kwa hiyo nahodha anabisha: anakwenda mshazari hadi karibu na ukingo wako, anageuza omo kupita kwenye upepo, tanga linapigapiga kwa kelele, linahamia upande wa pili, linajaa, na mashua inaondoka mshazari kuelekea ng'ambo. Kwenye mto mwembamba atafanya hivyo mara ishirini katika kilomita moja.

Kaa pale mashua zinapogeukia. Mahali hapo ni rahisi kupajua: tazama mbili zikibisha, utaona zote zinageuka karibu na eneo moja, pale kina kinapoanza kupungua au kivuli cha upepo wa miti kinapoanza. Ukikaa hapo, kila mashua itakuja moja kwa moja usoni pako, omo likikata maji, kisha itageuka hatua chache kutoka unapokaa. Utasikia kamba zikipita kwenye kapi. Utaona mikono ya mtu.

Zikikutana mbili, jiulize nani atampisha mwenzake. Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano, mashua inayopigwa na upepo upande wake wa kushoto huipisha inayopigwa upande wa kulia. Zikiwa zinapigwa upande mmoja, iliyo upande upepo unakotoka humpisha mwenzake. Kuujua upande ni rahisi: tanga likiwa limeangukia kushoto kwa mashua, upepo unatoka kulia kwake. Mpe mwenzako wa matembezi nafasi ya kutabiri, naye akupe yako.

Siku ambayo upepo unavuma kinyume na mkondo, utaona viwimbi vifupi vyenye ncha na mashua zikirukaruka. Siku ambayo upepo na mkondo vinakwenda pamoja, maji huwa laini, na mashua inayotaka kurudi ina taabu kubwa. Nimeona mashua ikibisha kwa bidii nusu saa nzima huku ikibaki sambamba na mwerebi uleule. Hatimaye nahodha alitua tanga, akatoa kasia.

Jua nalo lina upande wake. Wakati wa mapukutiko liko chini kwa muda mrefu. Ukitazama tanga jua likiwa nyuma yako, ni jeupe na limekatika vizuri. Ukilitazama jua likiwa nyuma ya tanga, kitambaa chote kinawaka kama taa, na majani ya mwerebi pia. Watu hukimbilia upande wa kwanza kwa ajili ya picha. Nenda ule wa pili.

Kimya chako

Maji yaliyotulia huirudisha sauti. Hayaimezi kama nyasi na majani. Mazungumzo yako yatasikika ng'ambo, na ya mabaharia yatakufikia. Zungumza kwa sauti ya chumbani. Usiwapigie kelele wala kuwapungia sana wakati wanageuza. Mikono na akili vimebanwa. Wakishatulia, wengi hupunga wenyewe.

Kwa kimya hicho utapata ndege. Korongo wa kijivu husimama kwenye maji machache ndani ya kona, na hataondoka kama hutabadilisha mwendo wako ghafla. Wanaomfukuza ni wale wanaosimama na kumwelekezea kidole. Mdiria utamwona kama mstari wa buluu uliopita chini chini juu ya maji. Mnandi hukaa kwenye boya amekunjua mabawa ayakaushe. Na ukisikia kelele angani, inua kichwa: mabata bukini wanasafiri kwa mpangilio wa pembe, kila mmoja akipata nafuu ya hewa inayoinuliwa na bawa la aliye mbele yake.

Mtu akianguka majini

Maji ya mapukutiko yameanza kuwa baridi, na baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, kichwa kikiwa juu au chini ya maji. Ukianguka wewe, usipigane kuogelea mara moja. Lala chali, rudisha kichwa nyuma hadi masikio yaingie majini, tikisa mikono taratibu uelee. Mshtuko hupungua ndani ya dakika moja au moja na nusu. Ndipo uite msaada au ujivute ukingoni.

Akianguka mwingine, usimfuate majini. Mwambie kwa sauti aelee chali. Piga simu ya dharura. Mtupie boya, kamba, hata mkoba mtupu uliofungwa vizuri. Mnyooshee tawi huku umelala kifudifudi ili asikuvute. Mashua iliyo karibu itafika haraka kuliko wewe: hapo ndipo unapopaswa kupiga kelele na kupunga mikono miwili kwa nguvu zote.

Kurudi

Siku za mapukutiko zinafupika kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwenye nchi zilizo katikati ya ikweta na ncha, mchana hupotea dakika tatu hivi au zaidi kila siku, zaidi ya dakika ishirini kwa wiki. Matembezi yaliyoisha kwenye mwanga wiki mbili zilizopita yataishia gizani leo. Kumbuka pia kwamba nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo magharibi huja saa nzima mapema kwa saa ya mkononi. Angalia saa ya kuzama kwa jua, toa saa moja, na hiyo ndiyo saa ya kuwa umefika ulikoanzia.

Ile saa moja uliyoitoa usiikimbie. Upepo unalala, mashua za mwisho zinarudi zikivutwa na mkondo zaidi ya tanga, matanga yanatuliwa moja baada ya jingine, na unasikia kamba zikigonga milingoti. Keti pale ulipokaa asubuhi.

Ukifika nyumbani, toa viatu, toa soli za ndani, jaza karatasi za gazeti, uviweke mbali na moto. Joto kali hukausha ngozi ikapasuka. Kabla hujalala andika mistari minne: upepo ulitoka wapi na ulikuwa ngazi gani, ukungu uliondoka saa ngapi, mashua ziligeukia wapi, mwerebi upi ulikuwa bado na majani. Mwakani, siku upepo ukitoka upande uleule, utajua pa kukaa.